Mume wangu anasema Nakia si mke wa T'Challa. Je, filamu ilimnyang'anya Ororo ndoa yake?

#1 MkeWaFundi (mleta uzi)

Habari za jioni wana jukwaa.

Jumapili tulikuwa nyumbani, mimi nachambua mchele, mume wangu na binti yetu wa miaka tisa wanaangalia Black Panther ile ya 2018. Tumeshaiona mara nne, ila mtoto haichoki. Ilipofika pale T'Challa, mfalme wa Wakanda ambaye ndiye Black Panther mwenyewe, anamwona Nakia msituni na kuganda kama nguzo ya umeme, nikasema, "Muone anavyompenda mkewe, mpaka mikono imemfa ganzi." Jamani! Baba Zai aligeuka kama nimemtukania mama yake. "Huyo si mkewe. Mkewe ni Ororo."

Akaingia chumbani, akainama uvunguni, akavuta boksi la spea za redio. Chini kabisa akatoa komiki aliyoinunua kabla hajanioa, kwenye meza za vitabu vya mtumba kule Posta. Akanifungulia ukurasa: bwana harusi T'Challa, bibi harusi mwanamke mweusi, nywele nyeupe pee kama pamba. Anasema harusi hiyo ilikuwa 2006, mama wa bibi harusi ni wa ukoo wa kifalme wa Kenya, na filamu imemfuta kana kwamba hajawahi kuwepo duniani.

Nikamwambia filamu ni filamu, mwenye filamu ndiye anayeozesha. Tukabishana mpaka wali ukashika chini. Usiku kalala kaelekea ukutani.

Nauliza kwa dhati: kwa nini watu wachukue hadithi iliyoandikwa, halafu wamwondoe mke halali wa mtu na kumweka mwingine? Mume wangu ana haki ya kununa?

#2 Mtaa_wa_Saba

Nimetandika mkeka hapa. Mama Zai, huo wali mliula au mlimwaga?

#3 KomikiZaKale

Mleta uzi, kwa upande wa kitabu mumeo yuko sahihi. Ororo Munroe, ambaye wengi mnamjua kama Storm, aliletwa mwaka 1975 na Len Wein pamoja na mchoraji Dave Cockrum. Baba yake Mmarekani mweusi, mpiga picha wa habari. Mama yake anaitwa N'Daré, wa ukoo wa kifalme Kenya. T'Challa alimtangulia kuchapishwa, yeye ni wa 1966, kazi ya Stan Lee na Jack Kirby.

Kutokuwemo kwake ni suala la mkataba. Miaka ya 1990 Marvel, wenye komiki hizi, waliuza haki za filamu za X-Men, kundi la mashujaa, kwa kampuni ya filamu ya Fox. Storm ni wa X-Men, akaenda na mzigo huo. Black Panther akabaki upande wa pili. Kwa hiyo 2018 mume yuko kampuni hii, mke yuko kampuni ile. Disney, wenye Marvel, walikamilisha kuinunua Fox Machi 2019, wakati filamu imeshatoka zaidi ya mwaka mzima. Hakuna aliyemnyang'anya ndoa. Aliwekwa rehani kwa jirani, na harusi ya filamu ikapita kabla hajakombolewa.

#4 MkeWaFundi

Mtaa_wa_Saba, tuliula, ukoko alikula yeye kwa sababu ndiye aliyenitoa jikoni.

KomikiZaKale asante, hilo la rehani limeniingia. Ila baba Zai nimemsomea kwa sauti, anasema "mkataba si sababu, ni kisingizio."

#5 MwanaNakuru

Sisi Wakenya tuna kinyongo cha siku nyingi na hili. Kwenye X-Men ya 2000 Halle Berry, aliyemcheza Storm, alijaribu kuzungumza kwa lafudhi ya Kiafrika. Kufika filamu zilizofuata lafudhi imepotea, hakuna aliyeieleza. Mama yake Mkenya, kwetu amekaa, kwetu watu wa kijijini walimheshimu kama mungu wa mvua, lakini ukiangalia filamu zote hizo huoni hata boma moja la kwao. Halafu ikaja filamu kubwa ya Afrika, na hapo pia hayumo. Fundi namuelewa kabisa.

#6 Msukuma_Halisi

MwanaNakuru punguza mwendo. Komiki zinasema Ororo alitoka Cairo kwa miguu akiwa binti mdogo, akashuka kusini mpaka tambarare za Serengeti. Serengeti iko nchi gani ndugu yangu?

#7 MwanaNakuru

Nyumbu hawaulizwi pasipoti. Wakivuka mto Mara ni wetu.

#8 Bint_Malindi

Mwagombania shamba na jina mmeliacha mlangoni. Ororo! Nyinyi wenyewe mwalijua neno hili. Kitu ororo ni kitu laini, kisichokwaruza. Bibi yangu akimkanda mtoto mafuta ya nazi, akishampitisha kiganja mgongoni kutoka shingoni mpaka kiunoni, alikuwa akisema, "Ngozi ororo hii, jua lisiione." Mara ya kwanza niliposikia kwamba yule mwanamke wa radi na dhoruba aitwa Ororo, nilikaa kitako. Mtu anaangusha radi, na jina lake ni ulaini.

Na si yeye tu. Kabila la M'Baku, yule mkuu wa milimani, ni Wajabari. Kwetu jabari ni mtu wa nguvu asiyetikisika. Yule mzee aliyechezwa na Forest Whitaker ni Zuri. Zile shanga za mkononi wanazozungumzia na kuonea picha zaitwa Kimoyo. Sikio langu la pwani lasikia Kiswahili kila mahali, kisha wakifungua kinywa, wasema Kixhosa! Hilo lilianzia kwa mzee John Kani wa Afrika Kusini, aliyecheza T'Chaka, baba yake T'Challa, kwenye Captain America: Civil War ya 2016. Ndiyo lugha yake ya mama, akaiingiza, wenzake wakaifuata. Sina ubaya nayo, ni lugha tamu. Lakini mtu mwenye jina letu ndiye aliyeachwa nje ya nyumba, na hilo laniuma kuliko mkataba.

#9 Mchora_Vibonzo

KomikiZaKale (#3) ameeleza kwa nini Ororo hayumo. Hajaeleza kwa nini Nakia yumo, tena kama kipenzi cha mfalme. Hapo mkataba hautusaidii.

Nakia wa kwenye kitabu si yule mliyemwona. Alitoka kwenye komiki alizoandika Christopher Priest kuanzia 1998. Pale Dora Milaje, wale walinzi wanawake wa mfalme, si jeshi tu: ni mabinti waliotolewa na makabila, wakakaa kama wachumba wa mfalme kwa jina ili makabila yasigombane. Nakia alikuwa mmoja wao, mdogo wa umri, akampenda mfalme kwelikweli. Mfalme hakumtaka. Wivu ukampanda mpaka akataka kumuua Monica Lynne, mwimbaji wa Kimarekani aliyekuwa mchumba wa T'Challa zamani. Akafukuzwa, akageuka adui kabisa na kuitwa Malice.

Ryan Coogler, mwongozaji wa filamu, alichukua jina, akaacha wivu. Akaweka mwanamke mpelelezi anayemwambia mfalme usoni kwamba nchi tajiri haiwezi kujifungia wakati majirani wanateseka. Mimi naamini alimtaka mtu wa kusema maneno hayo, na Ororo asingefaa. Ororo ni malkia na mungu wa watu, ana safari yake nzima. Ukimwingiza kwenye filamu ya kwanza, T'Challa anakuwa mume wa Storm.

#10 Kijana_Kisumu

Mnazunguka mbuyu. Mnalia Mkenya ameondolewa, na aliyewekwa ni nani? Lupita Nyong'o! Februari 2018 filamu ilipooneshwa hapa Kisumu mji ulisimama. Mama mmoja mbele yangu, kila Lupita akitokea, alikuwa anapiga magoti ya jirani yake, "Nyar Kisumo! Nyar Kisumo!" yaani binti wa Kisumu. Mkenya wa kuchorwa katoka, Mkenya wa damu kaingia. Hesabu iko sawa.

#11 MwanaNakuru

Kijana umenibana. Nakubali nusu.

#12 FundiRedio

Habari zenu. Mleta uzi ni mke wangu. Nimeletewa uzi huu na mteja kibandani kwangu, ananiuliza, "Fundi, wewe ndiye uliyelala umeelekea ukutani?" Naomba niweke mambo sawa.

Kwanza, nilielekea ukutani kwa sababu neti imetoboka upande wa mlangoni na mbu wanaingilia hapo. Nimesema wiki mbili ishonwe.

Pili, mimi sinuni kwa sababu ya filamu. Naipenda filamu ile, nilitoa machozi T'Challa alipokutana na baba yake chini ya ule mti wenye chui. Ninachosema ni kwamba Ororo na T'Challa walijuana ujanani. Hadithi ya mwaka 1980 inaonesha wanakutana wangali vijana, njiani, na yeye Ororo ndiye aliyemwokoa T'Challa mikononi mwa watekaji. Kabla ya kiti cha enzi, kabla ya Monica Lynne. Msichana yatima, wazazi wamekufa kifusini Cairo ndege ilipoangukia nyumba yao, mpaka leo hawezi kukaa chumba kilichobana. Amevuka jangwa peke yake. Ameokoa maisha ya mtoto wa mfalme na hakujua thawabu. Miaka mingi baadaye ndipo Reginald Hudlin akaandika harusi yao, 2006. Mtu kama huyo ukimwacha, ueleze. Usipite kimya.

Nilipoisoma komiki hiyo nilikuwa napanga chumba Mbagala, sina kitanda. Nikasema nikioa, nioe mtu ambaye angeniokoa njiani. Mama Zai analijua hilo.

#13 MkeWaFundi

Hilo la mwisho ulikuwa hujaniambia hata siku moja.

Neti nitaishona leo.

#14 Mtaa_wa_Saba

Jamani ukumbi umekuwa mtamu. Fundi umetisha.

#15 KomikiZaKale

Fundi, kwa heshima zote, mbona umeishia 2006? Mwambie mama Zai na ya 2012.

#16 MkeWaFundi

2012 kuna nini?

#17 KomikiZaKale

Waliachana. Kulikuwa na vita kati ya Avengers na X-Men. Namor, mfalme wa baharini, alikuwa amepata nguvu za kupita kiasi, akaifurikisha Wakanda kwa maji, watu wakafa. Ororo alikuwa upande wa X-Men, na Namor kwa wakati huo alikuwa upande huohuo. Ororo akaenda Wakanda kutaka kusaidia. T'Challa akamwambia ndoa yao imebatilishwa na kuhani mkuu wa ukoo wa Chui. Sasa kuhani mkuu ni nani? Ni T'Challa mwenyewe.

#18 MkeWaFundi

BABA ZAI.

Yaani wiki nzima unanipigia kelele kuhusu mke halali, na unajua fika kwamba mke huyo alishapewa talaka miaka sita kabla filamu haijatoka? Filamu ilipofika 2018 T'Challa alikuwa mtu huru! Nakia hakumchukulia mtu mume!

#19 FundiRedio

Mama Zai, talaka ile siitambui. Ndiyo maana sikuitaja.

#20 Mzee_wa_Baraza

Hapa niingie kidogo, maana nimekaa kwenye mabaraza ya usuluhishi ya mtaa miaka mingi.

Fundi ana hoja. Talaka gani hiyo mlalamikaji, hakimu na karani ni mtu mmoja? Mwanamke hakuitwa. Wazee wa kwao hawakukalishwa, na kule Kenya alikuwa na watu wake. Mshenga yuko wapi? Nimeona ndoa zilizochoka kuliko hiyo zikisimama kwa sababu tu shangazi wawili walikaa ukumbini mpaka saa sita usiku, chai inachemshwa upya. Mfalme alikuwa na msiba wa nchi nzima kichwani, watu wamekufa majini. Mtu wa namna hiyo haruhusiwi kutoa talaka siku hiyo. Unampa maji, unamwambia alale, mtazungumza kesho.

#21 MamaPacha

Mzee nakazia. Tena kosa la Ororo lilikuwa nini? Kusimama na watu waliomlea? Mimi Yanga, mume wangu Simba. Siku ya mechi yeye anaangalia sebuleni, mimi kwa jirani, na usiku huo anayeshindwa ndiye anayeosha vyombo. Miaka kumi na moja. Hakuna aliyebatilisha mtu.

#22 Mchora_Vibonzo

Kuna wasomaji wengi wanaosema ndoa yenyewe ya 2006 ilikuwa ya haraka, waliunganishwa kwa kuwa wote ni weusi na maarufu, ikauzwa kama tukio. Sikubaliani nao moja kwa moja. Mwaka huohuo Eric Jerome Dickey aliandika mfululizo mzima wa matoleo sita akisimulia upya mapenzi yao ya ujanani, ili harusi ipate mizizi. Lakini naelewa kwa nini mtu wa filamu angeogopa kubeba ndoa ambayo hata kwenye kitabu haikudumu miaka saba.

#23 FundiRedio

Mchora, angalia na filamu ya pili, ya 2022. Namor yumo. Wakanda inafurikishwa, maji yanaingia mjini, malkia Ramonda, mama yake T'Challa, anakufa humo. Mafuriko yale ni yaleyale ya 2012! Kwa hiyo walikisoma kitabu. Walichukua maji, wakaacha ndoa.

Na 2022 Fox ilikuwa imeshanunuliwa. Kwa hiyo hoja ya rehani (#3) haifanyi kazi tena hapo.

#24 KomikiZaKale

Ni kweli kuhusu mkataba, kwa filamu ya pili nakubali haitoshi. Lakini usisahau kilichotokea katikati. Chadwick Boseman alifariki tarehe 28 Agosti 2020. Filamu nzima ikawa msiba. Ungemleta Ororo aje kama nani, mjane ambaye watazamaji hawajawahi kumwona akiwa mke? Waliokuwa wanalia pale walikuwa wanamlilia mtu waliyefanya naye kazi. Waigizaji walihitaji mtu aliyekuwepo tangu mwanzo, na huyo ni Lupita.

#25 Ami_wa_Muscat

Salamu kutoka Muscat. Nimesoma kimya, ila kuna mtu hamjamtaja. Kwenye filamu W'Kabi, rafiki wa T'Challa, ni mpenzi wa Okoye, yule mkuu wa Dora Milaje. Kwenye komiki za Don McGregor za miaka ya 1970, W'Kabi ni mkuu wa ulinzi wa T'Challa na ana mke anaitwa Chandra. Ndoa yao inaharibika kwa sababu jamaa yuko kazini usiku na mchana. Hakuna jini wala adui aliyeingia kati. Kazi tu.

Mimi ni dereva huku, mwaka wa saba. Familia iko Tanga. Nilikuwa najisifu kwamba sijawahi kuchelewesha fedha hata mwezi mmoja. Siku moja nikampigia mke wangu kwa video, nikamwona amekaa kwenye kochi jipya. Nikauliza kochi limenunuliwa lini. Akasema, "Lina mwaka na miezi miwili. Kila siku ukipiga nimelikalia." Sikuwa na la kujibu. Ndiyo maana nasema kipande cha Chandra kingewekwa kwenye filamu, wanaume wengi wangetoka ukumbini wameinamisha vichwa.

#26 Bint_Malindi

Ami, pole. Sasa wewe kochi waliona?

#27 Ami_wa_Muscat

Nalisalimia kila siku. Desemba nakuja likizo nilikalie.

#28 Mtaa_wa_Saba

Mmemtaja Okoye, turudi kwake. Pale kwenye vita, W'Kabi yuko juu ya kifaru, Okoye anasimama mbele na mkuki. Kifaru kinafunga breki na kumlamba uso. W'Kabi anamuuliza kama kweli angemuua mpenzi wake, na Okoye anajibu kwamba kwa ajili ya Wakanda hata hafikirii mara mbili. Jamaa akaweka silaha chini, akapiga goti.

Wanandoa wa humu jibuni kwa ukweli: mwenzio akisaliti nchi, mkuki unaufanya nini?

#29 MkeWaFundi

Kifaru kimenifundisha kitu. Kilimjua mama mwenye nyumba.

Baba Zai akisaliti nchi namkabidhi kwa mjumbe, halafu nampelekea chakula.

#30 FundiRedio

Chakula gani? Usije ukaleta mlenda.

#31 MkeWaFundi

Mahabusu hachagui mboga.

#32 Dada_Minnesota

Samahani nitawatoa kwenye kicheko kidogo. Mimi kinachoniumiza kwenye filamu ya pili si Ororo, ni Shuri, mdogo wake T'Challa. Mwishoni yuko Haiti, ufukweni, anachoma nguo yake ya msiba. Nakia anamletea mtoto wa kiume. Ni mtoto wa kaka yake. Amezaliwa, amekua, ana akili zake, na shangazi hajui kama yupo.

Shangazi! Kwetu shangazi ni baba wa kike. Unamficha vipi?

Nasema hivi kwa sababu yamenikuta. Kaka yangu alifariki Morogoro, nikapanda ndege kwenda kuzika. Siku ya tatu ya matanga akaja mama mmoja mpole na mtoto wa miaka sita, ameshika mkate kwenye mfuko wa karatasi kwa mikono miwili. Akasimama uani karibu na karo. Watu wakiongea yeye anajisugua sikio la kushoto kwa kidole cha shahada, taratibu, kama anawaza. Kaka yangu alikuwa anajisugua sikio hivyohivyo tangu darasa la kwanza, mpaka mwalimu alimchapa. Sikuhitaji kuambiwa. Nilikaa chini pale pale kwenye mchanga.

Mama yangu alikuwa anajua miaka minne. Alikuwa analipa ada. Nilimuuliza kwa nini, akasema, "Ulikuwa mbali." Ile picha ya Shuri akitabasamu huku machozi yanamtoka naijua kwa ndani. Unafurahi, na umekasirika, na huna wa kumkasirikia kwa sababu mwenyewe yuko kaburini.

#33 MamaPacha

Dada pole sana. Nimelisoma mara mbili.

Kwa hiyo na Ramonda naye alifichwa?

#34 Mchora_Vibonzo

Hapana MamaPacha. Nakia anamwambia Shuri kwamba mama yake alishakutana na mtoto. Bibi alijua. Ni Shuri tu aliyekuwa gizani. Na sababu anayoitoa ni kwamba yeye na T'Challa walikubaliana mtoto akulie mbali na shinikizo la kiti cha enzi. Jina lake la Haiti ni Toussaint.

#35 Mzee_wa_Baraza

Basi imefanana kabisa na ya Dada (#32). Bibi anajua, shangazi hajui. Mimi hapo sitamtetea Nakia. Kiti cha enzi ni jambo lingine, damu ni jambo lingine. Angeweza kumwambia wifi yake na mtoto akabaki Haiti vilevile.

#36 Bint_Malindi

Mzee, na wifi yenyewe je? Shuri alikuwa na hasira ya kutaka kuchoma dunia. Na Nakia hakuja hata mazikoni, alikuwa akimlilia mtu wake kivyake huko mbali. Mwanamke aliyefiwa na amebaki na mtoto mdogo, humhesabu siku za kuzungumza. Atazungumza akiweza. Mimi namtetea.

#37 MkeWaFundi

Mimi niko katikati. Kama tulivyoona hapa, mtu anaweza kuishi na mwenzake miaka kumi na asimwambie kwa nini alimwoa, mpaka aje aseme kwenye jukwaa mbele ya watu.

#38 Msukuma_Halisi

Tukirudi kwenye swali la nani mke. Huku kwetu nimeiona filamu hii kwenye kibanda umiza Mwanza, imetafsiriwa na dijei juu kwa juu. Dijei alikuwa anamwita Nakia "shemeji" mwanzo mpaka mwisho. "Shemeji anatoka msituni... shemeji anamficha mama mkwe milimani..." Kibanda kizima tulitoka tunajua wameoana kwa harusi. Mleta uzi, kama uliiona ya kutafsiriwa, kosa si lako.

#39 MkeWaFundi

Msukuma! Mara ya kwanza niliiona hivyohivyo, Temeke, kwa dijei! Kumbe ndiko nilikoozeshwa.

#40 FundiRedio

Wiki nzima nimebishana na dijei.

#41 Msukuma_Halisi

Na kwa taarifa ya MwanaNakuru, kwenye ramani iliyochorwa wakati Ta-Nehisi Coates anaandika komiki hizi, Wakanda imekaa ukingoni mwa Ziwa Victoria. Madini yao yanalindwa na sangara wetu.

#42 MwanaNakuru

Na kwenye ile Civil War ya 2016 ramani inaiweka karibu na Turkana. Turkana ni Kenya. Usiku mwema.

#43 Mlubumbashi

Nyinyi mnagombania ziwa, sisi huku Katanga tunaangalia filamu ile kwa jicho lingine. Nchi yenye madini duniani kote yanatafutwa, na hakuna lori moja linalotoka bila wenyewe kutaka. Baba yangu amechimba maisha yake yote. Pale Wakanda ilipofunuka nyuma ya milima ya uongo, alisimama kwenye kiti. Kuhusu wake za mfalme hakuuliza kitu.

#44 Ami_wa_Muscat

Mlubumbashi hilo lifungulie uzi wake, nitakuja.

Fundi, hiyo komiki ya harusi ni toleo la ngapi? Kuna duka huku la vitabu vilivyotumika. Kama la kwako limechoka nitakuangalizia.

#45 FundiRedio

Ni Black Panther namba 18. La kwangu gamba la nyuma limetoka, na usoni kwa Ororo kuna duara la kahawia. Kuna mtu aliweka sufuria la maharage juu yake mwaka jana.

#46 MkeWaFundi

Uliliacha mezani, na sufuria lilikuwa la moto. Ningeliweka wapi?

Ami, kama utalipata, uniambie mimi kwanza bei yake. Usimwambie yeye.

#47 FundiRedio

Naona maandishi hayo mama Zai.

#48 MkeWaFundi

Basi ukirudi pita kwa Mangi uchukue uzi mweusi na sindano namba kubwa. Neti haijashonwa bado, niliyonayo imekatika tundu.

#49 FundiRedio

Uzi mweusi kwenye neti nyeupe?

#50 MkeWaFundi

Mweupe basi. Na usichelewe, Zai ameshaiwasha ile ya pili.